Sura ya Saba: Jibini ya Mbuzi katika Mwambao wa Tanga

Rai iliyokita mizizi katika mwambao wetu, tangu Jasini na Moa upande wa kaskazini hata Pangani na Mkwaja upande wa kusini, ni kwamba jibini ni chakula cha nchi za baridi. Kwamba hutengenezwa Ulaya katika mabonde ya theluji, au hutengenezwa Usambara ambako ukungu wa asubuhi hauondoki upesi, lakini huku chini, ambako maziwa yaliyokamwa alfajiri huanza kuchacha kabla ya adhuhuri, kuitengeneza ni kujitaabisha bure. Rai hii haikuzuka hewani. Wajerumani walipoanzisha shamba la majaribio huko Kwai, karibu na Lushoto, mwaka 1896, mifugo yao ya kigeni na kazi yao ya maziwa waliipandisha mlimani wala hawakuiacha Tanga mjini, ijapokuwa mji ulikuwa na bandari, na reli yake ilikuwa imekwisha kuanza kujengwa tangu 1893. Na hata leo msafiri apandaye kutoka Mombo, akapita Soni na kufika Lushoto, hukuta katika shamba la Irente, lililo chini ya Kanisa la Kilutheri, jibini ya maziwa ya ng'ombe ikiuzwa pamoja na mikate na jamu, akashuka na kifurushi chake huku amethibitika moyoni kwamba jibini na baridi havitengani.

Lakini ushahidi wa mlima si ushahidi wa dunia nzima. Misri, nchi ambayo hakuna atakayeisifu kwa baridi, ina jibini yake ya domiati, inayoitwa kwa jina la mji ulio karibu na mdomo wa Nili, na watengenezaji wake huitia chumvi ndani ya maziwa yenyewe kabla hayajaganda, ili chumvi iyalinde maziwa na joto tangu saa ya kwanza. Watu wa kisiwa cha Kupro huchukua vipande vya jibini yao ya halumi wakavichemsha katika majimaji yaliyotoka humo humo, kisha wakavitia chumvi na majani ya nanaa. Na Wagiriki huyachanganya maziwa ya kondoo na ya mbuzi wakapata feta, ambayo huhifadhiwa katika maji ya chumvi. Hao wote ni watu wa pwani na wa jua kali. Walipokosa baridi ya kuwahifadhia chakula chao walitumia chumvi, uchachu na ukavu, na vitu hivyo vitatu, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, Tanga haikunyimwa hata kimoja.

Wala maziwa yaliyogandishwa si jambo geni kwa wazee wetu. Mwanachuoni yeyote wa madrasa za Tanga, akifika katika mlango wa zakatul-fitri, huisoma hadithi ya Abu Said al-Khudri aliyeeleza kwamba zamani za Mtume (s.a.w.) walikuwa wakitoa pishi moja ya chakula, au ya shayiri, au ya tende, au ya zabibu, au ya akiti, na akiti hiyo ni maziwa yaliyogandishwa na kukaushwa hata yakawa magumu ya kupimika kwa pishi kama nafaka. Naye Ibn Battuta, alipoteremka Mogadishu mwaka 1331, aliwaandalia wasomaji wake sinia nzima kwa kalamu: wali wenye samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na chombo cha maziwa ya mgando kilichotiwa juu yake malimau ya achari na pilipili zilizolazwa katika siki na chumvi. Atakayeitazama sinia hiyo kwa makini ataona kwamba mgando, chumvi na uchachu wa limau vilikwisha kukutana mezani pa pwani zaidi ya miaka mia sita iliyopita, na kilichobaki ni kuvikutanisha ndani ya sufuria.

Tatizo letu, basi, halikuwa joto. Lilikuwa ni mbuzi mwenyewe, na namna tulivyozoea kumwangalia. Katika mwambao mbuzi ni mnyama wa kuchinjwa: huchinjwa katika akika, katika Idi ya kuchinja, katika harusi na katika maulidi, na mwenye mbuzi jike mzuri humhesabu kwa watoto atakaozaa, hamhesabu kwa kibakuli cha maziwa. Mbuzi wetu wa asili, yule mfupi mwenye miguu ya haraka aendaye akichuma majani ya mkwaju na ya mikunazi pembezoni mwa njia, ni nadra kumpa mkamaji zaidi ya nusu lita kwa siku ikiwa mwanawe ameachiwa haki yake. Kwa hiyo aliyesema kwamba hakamiki hakusema uwongo mkubwa. Lakini mnyama huyo ana sifa ambayo haikuandikwa katika kiwele chake, nayo ni kustahimili. Nchi ya Pangani na Saadani ni nchi ya mbung'o, na ushahidi wake mkubwa ni Ranchi ya Mkwaja, iliyoanzishwa miaka ya 1950 na kampuni ya mkonge ya Amboni ili kuwapatia nyama wafanyakazi wa mashamba yake, ikapigana na ndorobo kwa dawa karibu nusu karne nzima, hata ikafungwa mwaka 2000 na ardhi yake ikaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Pahali ambapo maelfu ya ng'ombe wa kampuni tajiri walishindwa, mbuzi wa mwanakijiji bado wapo wanachuma majani.

Mkulima mwenye busara, basi, hatafuti kumwondoa mbuzi huyu, bali hutafuta kumzidishia maziwa kwa kumpandisha na beberu wa jamii ya maziwa. Jamii hizo zilikwisha kufika Tanzania zamani: Toggenburg na Saanen, ambao asili yao ni Uswisi, wamezoeleka Kilimanjaro na Arusha, na mbuzi wa Norwei waliletwa na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine katika miaka ya 1980, wakapelekwa Mgeta, katika miteremko ya Uluguru, ambako wenyeji waliojua mbuzi wa nyama tu walijifunza kukama, na maziwa ya mbuzi yakaingia katika chai ya watoto wao. Kuna na mbuzi wa Malya, aliyechanganywa katika kituo cha Malya huko Mkoa wa Mwanza kwa damu ya Kamorai, ya Boer na ya mbuzi wetu wa asili, naye huvumilia ukame na joto kuliko hao wa Uswisi. Rai yangu, kwa nchi ya pwani, ni kwamba mbuzi halisi wa Ulaya asiletwe kwa tamaa ya lita nyingi: joto la kaskazi humchosha, kupe humwonea, na minyoo ya masika humwangamiza. Chotara wa nusu damu, anayetoa lita moja hadi mbili kwa siku na kulala akicheua bila ya kuhema, ana faida kuliko bingwa anayekufa.

Banda lake liinuliwe juu ya ardhi kiasi cha kiuno cha mtu, sakafu iwe ya fito au mbao zilizoachana kidogo ili kinyesi kianguke chini, na lielekezwe mahali pa kupata upepo wa bahari. Chakula chake kitoke katika miti zaidi ya majani ya chini, kwa sababu mbuzi alaye juu hupata minyoo michache: lukina, glirisidia, mkwaju, majani ya mfenesi, na majani ya muhogo yaliyonyaushwa juani ili sumu yake ipungue, fauka ya hayo apewe mashudu ya nazi, ambayo nchi ya minazi haiwezi kuyakosa, na pumba za mahindi. Achanjwe sotoka ya mbuzi na kondoo, maradhi yaliyothibitishwa kuingia Tanzania mwaka 2008, na achanjwe homa ya mapafu. Beberu akae mbali na mahali pa kukamia. Harufu yake hushika katika nywele za jike, katika mikono ya mkamaji na katika mafuta ya maziwa, ambayo hunyonya kila harufu iliyo karibu nayo. Na wengi wanaosema kwamba hawapendi maziwa ya mbuzi kwa kweli hawapendi beberu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naliona ndilo siri ya kazi hii katika mwambao, nalo ni majira. Mbuzi hubeba mimba siku 150 hivi, yaani miezi mitano, na mbuzi wa nchi zilizo karibu na Ikweta hupata joto la kupandwa mwaka mzima. Ikiwa beberu ataingizwa zizini Januari, wakati wa kaskazi, majike watazaa Juni. Na Juni ni mwanzo wa kipupwe, masika imekwisha, miti imejaa majani mapya, kusi inavuma, na usiku wa Tanga hushuka hata karibu na nyuzi 20. Maziwa mengi, majani mengi na ubaridi wa usiku hukutana katika mwezi mmoja. Mfugaji anayemwacha beberu azunguke na kundi mwaka mzima hupata watoto kwa nasibu, maziwa kwa nasibu, na jibini kwa nasibu vile vile. Lakini huyu aliyefanya tadbiri hupata miezi mitatu ya kutengeneza jibini laini, ambayo haikubali joto, na ikisha kurudi kaskazi huhamia katika jibini ya chumvi, ambayo joto ni msaidizi wake.

Kabla ya kusema habari ya sufuria lazima nitoe hadhari, kwa sababu maziwa ya mbuzi yana historia yake ya maafa. Katika kisiwa cha Malta askari wa Kiingereza waliugua miaka mingi homa iliyokuja na kwenda, yenye jasho la usiku na maumivu ya viungo, na mwaka 1887 daktari David Bruce aligundua kijidudu kinachoisababisha. Lakini hakuna aliyejua kinatoka wapi hata mwaka 1905, daktari Mmalta, Themistocles Zammit, alipopima damu ya mbuzi waliokuwa wakipitishwa milango kwa milango wakikamwa mbele ya wateja, akakuta kwamba wanyama hao, wenye siha njema machoni, ndio wachukuzi wa maradhi. Mwaka huo huo meli iliyoitwa Joshua Nicholson ilipakia mbuzi wa Malta kuwapeleka Marekani, na mabaharia waliokunywa maziwa yao mabichi njiani wakaugua. Askari wa Malta walipokatazwa maziwa hayo, mwaka 1906, homa ikaondoka katika kambi kana kwamba imefukuzwa. Maradhi hayo, yanayowafanya mbuzi watupe mimba na binadamu wapate homa ndefu inayodhaniwa kuwa malaria, yapo katika mifugo ya Tanzania. Mwenye jibini anayetumia maziwa mabichi kwa kusema kwamba ndivyo wafanyavyo mafundi wa Ufaransa, asahau neno hilo: mafundi wale wana mbuzi waliopimwa damu na serikali yenye kufuatilia, nasi bado. Jibini ya mbuzi ya pwani na itengenezwe kwa maziwa yaliyopashwa moto hata nyuzi 63 za sentigredi, yakakaa katika joto hilo nusu saa kamili, sufuria ya maziwa ikiwa ndani ya sufuria kubwa ya maji ili yasiungue. Kipimajoto si anasa. Ni ala ya kwanza ya kununua, kabla ya kitu kingine chochote.

Maziwa ya siku nne au tano za kwanza baada ya kuzaa, yaani dang'a, ni haki ya mtoto wa mbuzi, nayo yakipashwa moto huganda sufuriani. Hayafai kwa jibini. Na kila asubuhi, kabla ya kukama katika chombo, matone ya kwanza ya kila chuchu yakamwe juu ya kitambaa cheusi: yakionekana mabongemabonge, kiwele kina ugonjwa, na maziwa yake yatengwe.

Maziwa ya mbuzi yana tabia zake. Ni meupe kabisa, kwa sababu mbuzi hubadili rangi ya manjano iliyomo majanini ikawa vitamini A kabla ya kufika kiweleni. Chembe za mafuta yake ni ndogo mno, nazo hazishikamani upesi, hivyo malai hayapandi juu kama katika maziwa ya ng'ombe. Ndiyo sababu ni shida kupata samli katika maziwa haya bila ya mashine, na ndiyo sababu jibini inayafaa zaidi, kwani mafuta kwa sehemu kubwa hunaswa ndani ya mgando. Mgando wake nao ni mlegevu, huvunjika kwa haraka ya mkono, na fundi aliyezoea maziwa ya ng'ombe hulazimika kujifunza upole upya.

Cha kugandishia ni reneti. Asili yake ni tumbo la nne la mnyama mchanga anyonyaye, ambaye ameumbiwa uwezo wa kugandisha maziwa ya mamake ili yakae tumboni na kumlisha, na kwa Waislamu wa mwambao huu, ambao ni wafuasi wa Imamu Shafi'i, fikihi imekwisha kulisema jambo hili: reneti ya mtoto wa mnyama halali, aliyechinjwa kisheria hali hajala ila maziwa, ni tohara, na ya mzoga si tohara. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kujua chupa iliyotoka ng'ambo imetoka katika tumbo la nani, naona salama kwa mtengenezaji wa Tanga atumie reneti inayotokana na kuvu, ambayo haina mnyama ndani yake, na alitaje jambo hilo waziwazi kwa wateja wake. Utomvu wa papai bichi, ambao wengi huupendekeza kwa kuwa papai liko uani, hugandisha kweli, lakini huendelea kuikata jibini baada ya kuganda, nayo ikawa chungu. Siupendekezi.

Nianze na jibini ya chumvi, ile ya kaskazi. Chukua, basi, lita kumi za maziwa yaliyopashwa moto kama nilivyosema, yapoe hata nyuzi 32. Hapa ndipo kaskazi inapomlipa mwenye kuilaumu. Fundi wa Ulaya huwasha moto ili chumba na maziwa yasishuke chini ya joto hilo. Tanga, Februari saa nane ya mchana, hewa yenyewe ina joto hilo, na sufuria iliyofunikwa kawa hukaa saa nzima bila ya kupoteza kitu. Tia vijiko vitano vya mtindi mpya ulio safi, ukoroge, uache saa moja uchachu uanze. Kisha tia reneti kwa kipimo kilichoandikwa na aliyeitengeneza, ukiwa umeichanganya kwanza na maji yaliyochemshwa yakapoa, ukoroge polepole kwa muda wa dakika moja, ukaache. Usitikise, usichungulie kila mara. Baada ya dakika 45 hadi saa moja chomeka kisu na ukiinue kwa upande: mgando ukipasuka kwa mstari mmoja safi na majimaji yaliyo mangavu yakajaa katika ufa, wakati umefika; ukipasuka kwa kumomonyoka, ngoja tena.

Ukate kwa kisu kirefu, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana, hata vipande viwe kiasi cha kokwa ya tende, uviache dakika kumi vijikaze, halafu uvikoroge kwa upawa mara kwa mara kwa nusu saa, kwa upole ule niliousema. Vinapunguka, vinakuwa vizito, na majimaji yanaongezeka juu yake. Kisha viteke uvitie katika vyombo vya kuchujia.

Vyombo hivyo vinauzwa ghali vikiwa vya plastiki na vinatoka mbali. Lakini mwambao wetu una chombo chake, nacho ni kifumbu. Yule mwanamke wa Tanga aliyesuka kifumbu cha ukindu kwa ajili ya kukamulia tui la nazi amefanya, bila ya kukusudia, kazi ile ile waliyoifanya wachungaji wa nchi za Bahari ya Kati waliogandishia jibini zao katika vikapu vya matete: ameacha majimaji yapite na kilicho kigumu kibaki. Kifumbu kilichokwisha kutumika kwa nazi kisitumike tena kwa jibini, maana mafuta ya nazi hukaa katika chane na huoza. Lakini kifumbu kipya, kilichochemshwa na kuanikwa juani kila baada ya kazi, kikitandikwa ndani kitambaa cha melimeli, hufaa, na jibini hutoka na alama za ukindu pembeni mwake. Mimi nasema alama hizo ndizo ziwe muhuri wa jibini ya Tanga, kabla hatujafikiria karatasi za rangi.

Igeuze jibini mara mbili tatu jioni ile, uiache usiku kucha imefunikwa, na asubuhi uikate vipande na kuvipaka chumvi pande zote. Chumvi ni ya pwani yenyewe: kando ya mikoko, katika mashamba ya chumvi, maji ya bahari hukaushwa kwa jua hata ikabaki nyeupe ardhini. Siku ya pili vipande hivyo huingia katika maji ya chumvi, na hapa wengi huharibikiwa, kwa sababu chumvi huitia katika maji matupu, na jibini ikawa utelezi juu na kulegea ndani baada ya siku chache. Maji matupu huivuta chokaa iliyomo katika jibini. Dawa yake ni kutumia yale majimaji yaliyotoka katika jibini yenyewe, yaliyoachwa yakachacha siku moja, yakachemshwa na kuchujwa, kisha kila lita ikatiwa gramu 100 hadi 120 za chumvi; asiye na mizani na atie chumvi mpaka yai bichi jipya lielee. Mtungi wa udongo ulioungua vizuri, au chombo cha kioo, huwekwa mahali pa kivuli kilichopepewa, na mwenye jokofu ndiye mwenye salama zaidi. Miezi miwili ikipita jibini inakuwa imekomaa: nyeupe, yenye kukatika, na ukali wa kupendeza ambao maziwa ya ng'ombe hayawezi kuutoa. Lita kumi hutoa kilo moja na nusu, zaidi kidogo au pungufu kidogo kwa kadiri ya mbuzi na chakula chao.

Jibini laini, ile ya kipupwe, ni nyepesi kuliko hiyo. Maziwa yakiisha kupashwa moto na kupozwa hata nyuzi 22, mtindi na matone machache tu ya reneti hutiwa magharibi, na sufuria hulala ndani ya karai la maji chini ya kitambaa kilicholowa, penye upepo wa kusi. Kesho yake jioni mgando ni mororo, uchachu umetimia. Hutiwa katika melimeli, hutundikwa usiku mzima, na hutiwa chumvi kidogo. Hii ni ya kuliwa ndani ya siku chache. Anayejaribu kuitengeneza Februari hupata mgando uliojaa mapovu na harufu ya zizi, kwa sababu joto limewapa nguvu wadudu wasiotakiwa kabla uchachu haujawashinda.

Kuna na njia ya tatu, isiyotaka reneti wala kungoja, ambayo familia za Kihindi za Tanga ziliijua siku zote kwa jina la paniri: maziwa hupashwa moto hata karibu ya kuchemka, huondolewa motoni, na hutiwa maji ya ndimu kidogo kidogo mpaka yakakatika. Nchi iliyo na Muheza, ambako machungwa na ndimu huanguka chini kwa wingi na kuoza katika msimu wake, haina udhuru wa kutoijua. Na yale majimaji ya jibini ya reneti, yakipashwa moto vile vile na kutiwa ndimu, hutoa jibini ya pili, chache lakini tamu. Yanayobaki baada ya hapo wapewe kuku, au yakandiwe unga wa maandazi.

Kwa hesabu ya riziki, mwenye kutaka lita kumi kila siku anahitaji chotara saba au wanane wanaokamwa, nao ni mzigo wa mume na mke na kijana mmoja wa kukata majani. Maziwa ya ng'ombe ya mkoa huu yalipata njia yake katika miaka ya 1990, wafugaji wadogo walipounda chama chao cha ushirika, TDCU, na kiwanda cha Tanga Fresh kikaanza kupokea maziwa yao. Sitarajii mbuzi wapate kiwanda cha namna hiyo, wala siwaombei. Kilo moja na nusu ya jibini kwa siku ina wateja wake karibu: nyumba za wageni za Ushongo na Pangani, maduka ya mjini, na watu wa kawaida waliopewa kuonja. Lakini auzaye ajiandikishe kwa Bodi ya Maziwa, iliyowekwa na Sheria ya mwaka 2004, na afuate masharti ya Shirika la Viwango. Mteja anayeugua kwa jibini ya mtu mmoja huikimbia ya wote.

Na mteja afundishwe kuila. Kipande kilichotoka katika maji ya chumvi kilowekwe kwanza katika maji baridi au maziwa nusu saa, chumvi ipungue. Kisha kimomonyolewe juu ya kachumbari ya nyanya na vitunguu, au kiliwe na embe mbichi na pilipili, au kikaangwe na kuliwa na mkate wa mofa ungali moto. Asubuhi, kwa tende na kahawa isiyotiwa sukari, hakihitaji kitu kingine.